Mshtakiwa Yuko Ukutani

Kwamba buibui hukojolea watu, katika nyumba yetu ya Mbinga lilikuwa jambo lisilohitaji shahidi. Mama mkwe alilirithi kwa mama yake, mume wangu akalinyonya kwake, na wanangu wakubwa walikuwa wameshalipeleka shuleni na kurudi nalo likiwa limetiwa chumvi. Mtu akiamka na malengelenge mwilini, hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Swali lilikuwa ni buibui yupi.

Basi mwezi wa pili, mvua zimekolea hata sare za shule zinakaushiwa juu ya jiko la mkaa, kitinda mimba wetu akaamka analia. Shingoni, chini kidogo ya sikio, alikuwa na mstari mwekundu uliovimba, na juu yake vipele vyenye maji. "Panawaka, mama." Mama mkwe alimgeuza shingo mara moja tu, akatoa hukumu: "Kakojolewa." Nyumba nzima ikainua macho ukutani.

Naye alikuwepo. Juu ya kalenda ya parokia, pembeni kidogo ya swichi ya taa, alikuwa ametulia buibui wa kijivu mwenye madoa ya kahawia, miguu kaitandaza huku na huku, bapa kana kwamba amepigwa pasi. Tulikuwa tumeishi naye muda mrefu bila kusalimiana. Utando hakuwa nao, na mume wangu akasema hilo lenyewe ni ushahidi: buibui wa heshima ana kwake, huyu asiye na makazi, usiku anatafuta nini vyumbani mwa watu?

Mimi hufundisha baiolojia sekondari. Shuleni kazi hiyo ina uzito wake. Nyumbani kazi yangu ni kuwasomea watu maandishi madogo ya nyuma ya chupa. Hata hivyo nilipanda kwenye stuli na tochi ya simu, maana kumhukumu kiumbe ambaye hata jina lake halijulikani ni uonevu. Miguu minane, yote imelala ubavuni badala ya kukunjwa kwenda juu. Ndiyo maana hupita nyuma ya kalenda pasipopita hata kidole. Macho manane, sita yamepangwa mbele kwa mstari, mawili makubwa zaidi yamekaa pembeni, nyuma kidogo. Hafumi utando wa kunasia. Huyo ni wa familia ya Selenopidae, jenasi ya Selenops, ukoo ulioenea katika nyumba nyingi za Afrika. Mchana hujibanza kwenye nyufa na nyuma ya vitu vilivyotundikwa, usiku hutoka kuwinda kwa miguu yake mwenyewe.

Hatua moja kutoka alipokaa palikuwa na kibandiko cheupe cha duara, chembamba, ukubwa wa sarafu. Kuta za huku zimejaa vibandiko hivi, na wengi huviita nyumba ya buibui. Ndani yake ni mayai. Jike huyafunga kati ya matabaka mawili ya hariri, akayabandika ukutani yakae hapo mpaka vitoto vitakapotoboa na kutoka.

Hapo ndipo kesi ilipoanza kuharibika, kwa sababu mama mkwe, hakimu aliyekwisha kuhukumu, ndiye mteja mkubwa wa vibandiko hivyo. Mtoto akijikata na mundu, au yeye mwenyewe akijijeruhi wakati wa kupogoa kahawa, hubandua kimoja na kukigandisha juu ya jeraha mpaka damu ikate. Nimemwambia mara nyingi kwamba ukuta una vumbi na vijidudu, heri aoshe jeraha kwa sabuni na maji safi kisha afunge kitambaa. Hunijibu kwamba amelea watoto wengi kuliko mimi, na mmojawapo nimeolewa naye. Sasa alikuwa na mnyama mmoja ambaye mkojo wake unaunguza na nyumba yake inaponya. Hakuona tatizo. "Hata ng'ombe," alisema, "ana pembe na ana maziwa."

Mume wangu hakungoja falsafa. Alivua ndala, akanyata, akapiga. Ndala ikakuta ukuta. Buibui alikuwa ameshafika upande wa pili wa kalenda bila yeyote kuona amepita wapi. Akapiga tena, kalenda ikaanguka. Mshtakiwa akahamia kwenye fremu ya picha ya harusi yetu, akajipenyeza chini ya kioo na kutulia juu ya paji la uso la msimamizi wa bwana harusi. Sikumkataza mume wangu, nilimwambia tu aangalie kioo. Akaangalia kioo, akakipiga hapo hapo.

Laiti angejua anashindana na nani. Mwaka 2018 watafiti wawili wa California, Yu Zeng na Sarah Crews, walichapisha matokeo ya kuwapiga picha buibui wa familia hii kwa kamera za kasi kubwa, wakati wanavamia windo lililowajia kutoka kila upande. Walikuta kwamba buibui hawa hugeuka kwa kasi inayofikia nyuzi 3,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mizunguko minane kamili katika sekunde moja, na windo hufikiwa ndani ya sehemu moja ya nane ya sekunde. Mguu ulio karibu na windo hushika ukuta na kuvuta, ile ya upande wa pili husukuma, mwili unazunguka. Mdudu akipita mgongoni mwake amejileta mdomoni. Dhidi ya kiumbe huyo tulimpeleka mume wangu, ofisa wa halmashauri, mwenye ndala moja.

Vigae vya kioo vilipozolewa, jirani yetu alikuwa ameshaingia kuuliza kuna msiba gani. Yeye ni mtu wa Tunduru, na kwao, kama kwa Waislamu wengi wa pwani, buibui hauawi hivi hivi, kwa ajili ya yule wa pango la Thauri aliyefuma utando mlangoni wakati Mtume na Abubakari wamejificha ndani, safari ya kuhamia Madina mwaka 622. Mume wangu akasema, kwa heshima zote, yule alikuwa na utando. Huyu wetu hana hata uzi. "Labda aliutoa sadaka," jirani akajibu, akaenda zake na ufagio wetu aliokuja kuazima.

Kesi ingeahirishwa hapo kama si shemeji. Mdogo wa mume wangu anaendesha bodaboda, na kila tatizo la nyumba hii kwake lina dawa dukani. Jioni ile alirudi na kopo la dawa ya kupuliza, kubwa, lenye picha ya mende aliyelala chali. Mimi nilikuwa shuleni kwenye maandalizi ya mitihani. Akatoa watoto nje, akafunga madirisha, akapuliza sebule, akapuliza vyumba, na kwa kuwa kopo lilikuwa halijaisha, akapuliza na stoo.

Stoo ndimo kilimokuwa kiroba cha dagaa.

Lazima nieleze kiroba hicho, asije mtu wa Dodoma akadhani ni dagaa tu. Mimi ni mzaliwa wa ziwani, Mbamba Bay. Wajomba zangu huvua usiku usio na mwezi, taa zikiwaka juu ya mitumbwi ili dagaa wa Nyasa, wale tunaowaita usipa, wakusanyike kwenye mwanga. Asubuhi mama huwaanika mchangani na kwenye vichanja, huwageuza kwa mkono, hufukuza kuku na watoto, kisha hujaza kiroba na kukipandisha kwenye basi. Ni kilometa 60 na ushei za lami inayozungukazunguka milima kutoka ziwani hadi huku kwenye kahawa na baridi. Kwa mkwe wake Mmatengo, kiroba hicho ni salamu, ni mahari iliyorudishwa kidogo kidogo, na ni kumbusho kwamba binti yake hakukulia kwenye maharage. Kila mwaka mume wangu hupiga simu kushukuru akiwa amesimama wima.

Niliporudi, harufu ilinipokea barabarani. Kiroba kilikuwa wazi, kwa kuwa mama mkwe alikuwa amechota dagaa wa mchana. Nikachukua kopo na kufanya ile kazi yangu: nikasoma maandishi madogo kwa sauti. Yalisema usipulize juu ya chakula. Yalitaja na kiini cha dawa, kimojawapo cha vile vilivyotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, pareto hii hii inayolimwa Nyanda za Juu Kusini. Kwa mdudu hupiga mishipa ya fahamu akaanguka papo hapo. Binadamu huihimili zaidi, lakini hakuna aliyeandika kwamba mtu ale sahani nzima ya dagaa walioogeshwa nayo. Tukachimba shimo nyuma ya migomba tukawafukia wote. Mama mkwe alisimama pembeni na kanga kichwani. Sijamwona vile tangu alipofiwa na mbuzi wake wa maziwa.

Ukutani hapakuwa na mtu. Sakafuni mende walilala chali, nondo wawili watatu, na mjusi kafiri mmoja aliyehama kwenda jikoni kwa hasira. Shemeji alipokea pongezi nusu nusu. Kwa siku chache nyumba ilikuwa na amani ya gharama kubwa.

Kisha shemeji mwenyewe akaamka jicho moja limefunga. Lilikuwa limevimba, jekundu, linatoa machozi, na watoto wakapiga kelele wakikimbia nyumba nzima: "Baba mdogo kakojolewa! Baba mdogo kakojolewa!" Siku hiyo hiyo kitinda mimba akaja na la kwake jipya. Ndani ya kiwiko, pale mkono unapokunjika, malengelenge mawili yaliyotazamana: moja upande wa juu wa mkunjo, moja upande wa chini, yamelingana. Mkono ukikunjwa, moja hukaa juu ya jingine barabara.

Mshtakiwa alikuwa amekufa au amehama, na uhalifu unaendelea. Hata mume wangu alikaa chini.

Muuguzi wa zahanati alimtazama mtoto, akamtazama shemeji, akauliza swali moja tu: "Usiku mnalala taa inawaka?" Tunalala inawaka. Tangu laini ya umeme ya Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018 na mkoa ukaingia kwenye gridi ya taifa, taa ya kibarazani na ile ya koridoni kwa watoto huwaka mpaka asubuhi. Muuguzi akasema tukatazame chini ya taa, na tutakachokikuta tusikiponde kwa kidole.

Tulimkuta kwenye mto wa mtoto. Mdudu mwembamba wa urefu wa milimita saba hadi kumi, kichwa cheusi, kifua chekundu, mabawa ya juu mafupi yenye rangi ya buluu iliyokoza, kisha wekundu tena, na ncha ya mkia nyeusi anayoinua akisumbuliwa. Watu humwita nzi wa Nairobi, ingawa si nzi na hajazaliwa Nairobi pekee. Ni mbawakawa wa jenasi ya Paederus. Haumi, hamwagi chochote kwa hiari yake, na kukojoa kwake hakumhusu mtu. Damu yake ina sumu iitwayo pederini, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwa majike. Anakutambaa shingoni usingizini, unamfuta kwa kiganja, anapondeka, na ule mfuto wa mkono wako ndio unaochora mstari. Malengelenge hayatokei hapo hapo. Huchukua siku moja au mbili, na kufikia wakati huo mdudu amekwisha kusahauliwa, aliyebaki kuonekana ni buibui ukutani, hana hili wala lile. Kiwiko nacho kikaeleweka: sumu iliangukia upande mmoja, mkono ukakunjwa, ukapiga muhuri upande wa pili. Jicho la shemeji halikuhitaji maelezo. Alimponda, akajipangusa uso.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuudhi. Mdudu akitua mwilini, mpulize kwa mdomo au mwondoe kwa karatasi. Ukishamponda, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, usiguse macho, na foronya ifuliwe. Taa izimwe, au dirisha liwekwe wavu. Jicho likivimba, usikae nyumbani kubahatisha.

Huyo mkosaji naye, lazima niseme, ana kazi yake ya heshima. Hupenda udongo wenye unyevu na majani yanayooza, na katika milima yetu ya Umatengo kuna udongo gani wa hivyo kushinda mashimo ya ngoro? Wazee wetu hulaza nyasi zilizokatwa katika miraba kwenye mteremko, hufukia kwa udongo, na shimo linalobaki katikati huzuia maji ya mvua yasiporomoshe shamba. Mbawakawa huyu hula vidukari na wadudu wengine waharibifu wa mazao. Akibaki shambani hatuna ugomvi. Tatizo ni sisi kumwashia taa akaja kulala.

Nilichokipenda zaidi ni habari ya mwaka 1996, ya watafiti Kellner na Dettner wa Ujerumani. Waliwapa wawindaji mbalimbali viluwiluwi vya mbawakawa huyu, vyenye pederini na visivyo nayo. Wadudu wala wadudu walikula vyote bila kujali. Buibui walivionja vile vyenye sumu wakaviacha. Nilimsomea mume wangu mezani. "Kwa hiyo," aliuliza taratibu, "tumemwua mtu ambaye hata jambazi lenyewe alikuwa halitaki?" Nikamwambia neno "tumemwua" lina watu wengi mno ndani yake, mimi nilikuwa shuleni.

Mende walirudi kabla ya jicho la shemeji kupona vizuri. Kopo huua waliopo siku ile. Mayai ya mende yamo ndani ya vifuko vigumu, na kwa majirani wapo wengine wanaongoja nafasi. Nao waliikuta nyumba haina mlinzi. Walipita juu ya sahani, walipita kwenye unga, mmoja alipita kwenye daftari nililokuwa nasahihisha, akasita kwenye jibu lisilo sahihi.

Ila shemeji alisahau kitu kimoja: nyuma ya kabati la vyombo kulikuwa na kibandiko cheupe ambacho dawa haikukifikia. Asubuhi moja nilikikuta kimefunguka ukingoni, na ukutani vitu vidogo, bapa, vyenye miguu minane, vikikimbia kila upande kwa ile mbio ya ukoo wao. Wengi hawakuonekana tena. Buibui wachanga hulana, na mjusi kafiri alikuwa amerudi sebuleni. Lakini mvua zilipokatika, mmoja alikuwa amekua vya kutosha kukaa juu ya kalenda. Mama mkwe akasema ni yule yule. Sikubishana.

Huyo nimemwona akila, na ningependa kila aliyewahi kuinua ndala amwone. Usiku, taa zimezimwa, tochi nimeifunika kwa kitambaa chekundu, alikuwa amelala bapa kichwa chini. Mtoto wa mende akaja akipapasa kwa pembe zake. Sikuona buibui akisogea. Niliona mende akiwa hapo, kisha nikaona mende akiwa chini ya buibui. Baada ya hapo hakuna la kutazama kwa wenye haraka. Buibui hana meno ya kutafunia na koo lake halipitishi kigumu. Hudunga sumu ya kutuliza, kisha humtapikia windo wake majimaji ya kumeng'enya, nyama ikalainika ikawa mchuzi, naye akaunyonya. Mara nyingine humkandakanda kwa taya ili mchuzi utoke vizuri. Huchukua saa kadhaa. Asubuhi nilikuta chini ya kalenda ganda la mende, kavu, jepesi, tupu, na nikaelewa yale maganda niliyokuwa nikifagia miaka yote nikidhani mende wa Mbinga wanakufa kwa uzee.

Akishashiba hukaa siku nyingi bila kula, na nyumba yenye mende wachache humwona akiwinda mara chache. Watu hudhani ni mvivu. Mwaka 2017 wataalamu wawili, Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer, walikadiria kwamba buibui wa dunia nzima hula kati ya tani milioni 400 na milioni 800 za windo kwa mwaka, karibu zote zikiwa wadudu na jamaa zao. Nyama na samaki wanaoliwa na binadamu wote kwa mwaka ni takriban tani milioni 400. Mume wangu alitaka kujua kama hesabu hiyo imejumuisha harusi za Mbinga.

Baada ya kuongoka, akaongoka kupita kiasi. Akatangaza kwamba katika kiwanja chake buibui wote wasamehewe. Nikamrudisha kwenye mstari. Yule mwenye miguu mirefu myembamba pembe za dari, anayetikisa utando wake kwa nguvu ukimgusa, asamehewe bila masharti. Hata buibui wenzake huwanasa. Lakini kwenye choo cha nje, chini ya ubao wa kukalia, kuna wakati hupanga buibui wa kahawia mwenye tumbo la mviringo, na chini ya tumbo alama ya rangi ya machungwa iliyobanwa katikati. Vifuko vyake vya mayai ni viduara vyenye vichomozo kila upande, na hivyo ndivyo vya kumtambulia. Huyo ni mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus. Hana ugomvi na mtu, lakini akikandamizwa huuma, na mahali anapopenda kukaa ndipo watu wanapokandamiza. Huyo aondolewe kwa kijiti kirefu, na aliyevaa viatu.

Likizo ilipofika nilikwenda ziwani kumweleza mama habari ya kiroba, maana kwa simu nilishindwa. Alinisikiliza akiwa anapara mbasa. "Buibui mmoja kwa kiroba cha dagaa," alisema mwishoni. "Huko milimani mnanunua ghali."

Kwake, swali la buibui halijawahi kuwa kesi. Siku za nkungu huonekana ziwani wingu la kijivu linalopanda wima, na mgeni huapa kwamba meli inaungua. Ni vijimbu visivyouma, Chaoborus edulis, mabilioni yao, wametoka majini kupandana na kufa. Mabuu yao huishi ziwani: mchana hushuka kilindini wasiliwe, usiku hupanda kula, na usipa huwala kadiri wanavyowapata. David Livingstone aliwaona wakati wa safari yake ya ziwa hili mwaka 1861, akaandika jinsi wenyeji walivyowakusanya usiku, wakawachemsha na kutengeneza mikate mizito. Upepo ukigeukia pwani, wingu huingia vijijini, na mtu asiyefunga mdomo hula bila kukusudia. Mama haondoi tando zilizo kwenye upenu msimu huo. Hubadilika zikawa nyeusi kwa nkungu walionasa, nzito mpaka zinabonyea, na buibui wanene wamekaa katikati hawajui waanze na yupi. Kinachonaswa nje hakiingii kwenye ugali wake wa muhogo. Upenu hufagiwa wingu likishapita, buibui wakaanza kazi upya.

Kitu kimoja sikupaswa kumsomea mume wangu, nacho ni habari ya Mbita Point, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Huko kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichunguza buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, na mwaka 2005 wakachapisha kwamba huchagua kumla mbu jike aliyekwisha kunyonya damu. Kwa njia hiyo hupata damu yetu bila kutuuma. Mbu anayempenda kuliko wote ni Anofelesi, mwenye malaria. Miaka michache baadaye, mwaka 2011, Jackson na Fiona Cross wakaonyesha kwamba buibui huyo huvutwa na harufu ya binadamu, na harufu waliyoitumia ilitoka kwenye soksi zilizovaliwa.

Tangu usiku ule nilipomsomea, mume wangu hakupeleka soksi kwenye beseni. Alizitundika kwenye nondo za dirisha la chumba chetu, jozi kwa jozi, na nilipouliza akaniambia ni afya ya jamii. Nikamweleza kwamba buibui huyo anajulikana maeneo ya Ziwa Victoria tu, sisi tuko upande wa Nyasa, na chandarua chenye dawa tunacho. Akasema utafiti lazima uanzie mahali.

Mama alipanda mwenyewe kuja Mbinga baada ya mavuno, na kiroba kipya kichwani mwa kijana wa stendi. Alisalimiana na mkwe wake, akaandaliwa maji ya kuoga, akapita koridoni, akasimama mbele ya mlango wetu uliokuwa wazi. Alizitazama soksi kwa muda. Mume wangu, akiwa amesimama wima, akamweleza kila kitu: Mbita, mbu, damu, harufu.

"Na hao buibui wa Kenya," mama aliuliza, "wameshafika?"

Soksi zilifuliwa jioni ile ile. Kiroba kiko chumbani kwa mama mkwe, chini ya kitanda chake, na ufunguo wa chumba anautembeza kifuani. Shemeji akitaka dagaa huomba, hupimiwa kwa sado, huondoka.